Pumzi Niliyomwazima Kogo

Kibuyu nilichorithi kwa Kogo nimekiweka juu ya friji, na mume wangu ameshaniuliza mara mbili kama tutakitumia ama ni cha kutazamwa tu. Jumamosi iliyopita nilikuwa nafuta vumbi, nikakifungua kifuniko, nikaingiza pua, na hapo hapo nikaketi sakafuni na kitambaa mkononi. Maziwa hayajaingia humo tangu tumzike, lakini harufu ya makaa ya mti wa senetwet ilikuwa imejaa mle ndani, kali kidogo, tamu kidogo, utadhani amekisafisha asubuhi ile. Nililia, sioni haya kusema. Kisha nikacheka, maana harufu hiyo hiyo ndiyo iliyofanya, nikiwa na miaka tisa, nusura nimuue nyanya yangu kwa kumpenda.

Kogo ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita nyanya. Huyu wangu alikuwa mama ya mama yangu, na nilikaa naye Kimulot, pale mashamba ya chai yanapokaribia kuugusa msitu wa Mau. Mama alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha chai upande wa Kericho, na nyumba za wafanyakazi huko zilikuwa chumba kimoja kimoja. Alikuja mwisho wa mwezi na mkate na sabuni. Siku zingine zote nilikuwa wa Kogo, naye alikuwa wangu, na sikuona kama kuna kitu kinachopungua. Asubuhi kabla sijaenda shule alinibariki kama wazee wanavyobariki: aliinama, akanipulizia kifuani mate kidogo sana, kiasi cha umande, halafu akanisukuma njiani akisema nisipigane na watoto wa watu.

Jiko lake lilikuwa nyumba ya peke yake, ya udongo, yenye mawe matatu katikati na kidirisha ambacho kichwa changu kilipita kwa shida. Humo ndimo alimosafishia vibuyu. Alichoma kijiti cha senetwet mpaka kikawa kaa jekundu, akakiingiza kibuyuni, akasugua kwa ufito mpaka ukuta wote wa ndani ukawa mweusi na kung'aa. Kisha alimimina maziwa yaliyochemshwa yakapoa, akafunga, akakiweka pembeni, na baada ya siku kadhaa tukanywa mursik, maziwa yetu ya kuganda, ya rangi ya jivu. Nilimuuliza kwa nini anapaka kitu kizuri masizi.

"Huo weusi ndio unatunza," akaniambia. "Maziwa ndani ya kibuyu cheupe yanaoza. Ndani ya kibuyu cheusi yanakaa mpaka mgeni afike."

Nililiweka neno hilo moyoni. Mtoto akishaambiwa kitu na mtu anayempenda, basi, ameshajenga nyumba juu yake.

Sasa, Kogo alikuwa na kikohozi. Kilikuwa sehemu yake kama kitambaa chake cha kichwa, na mimi nilikuwa nakitumia kujua yuko wapi shambani. Alikuwa na mazoea mengine pia. Tukipeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuyapima, yeye na kikapu mgongoni na mimi na kangu kadogo, kulikuwa na kilima kimoja ambacho alisimama kila baada ya hatua kama ishirini ili kuchambua chai za majirani. Alishika kiuno, akatazama, akasema, "Huyu ameacha vichaka virefu namna hii, anataka kuchuma na ngazi?" Hatua ishirini tena, akasimama. "Na huyu, magugu haya atayakaanga?" Nilidhani nyanya yangu ni mtu wa kupenda kusema watu. Nilimwiga hata shuleni. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa anatafuta pumzi, na kwamba hakutaka mimi nijue.

Aliyegundua ni Sista Adhiambo, muuguzi wa dispensari. Alikuwa mtu wa upande wa ziwani, lakini alikuwa amekaa Kimulot miaka mingi hadi akawa anatusalimia "chamgei" vizuri kuliko sisi. Siku hiyo tulikwenda kwa ajili ya kidole changu kilichokatwa na panga, na Sista, akiwa anafunga bandeji, akawa anamsikiliza Kogo akipumua. Akamaliza na mimi, akamvuta Kogo kiti. Akatoa kwenye droo kabomba ka plastiki, na ubavuni mwake kulikuwa na nambari zimepangwa na mshale mdogo mwekundu.

"Kogo, vuta hewa mpaka ijae. Ziba hapa na midomo. Halafu puliza mara moja, kwa nguvu yako yote."

Kogo akaomba asubiri kidogo, akafuta midomo, akainama juu ya kale kabomba kwa heshima, akapuliza pole pole, puu. Alikuwa amekabariki. Mshale ukasogea kidogo tu, ukafika tisini. Sista akatazama mshale, akamtazama Kogo, akauma mdomo asicheke.

"Hapana, Kogo. Kwa nguvu. Kama mtu anazima moto."

"Mimi iko mtu msima, tokta," Kogo akamjibu kwa Kiswahili chake. "Nitapulisa mbele ya watu namna hiyo, wataona mimi nakasirika na nani?"

Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba mimi nigeuke ukutani. Mara tatu alipuliza, na mara ya juu kabisa mshale ulifika mia moja na thelathini. Sista alipima urefu wake, akatazama karatasi iliyobandikwa ukutani, na uso wake ukabadilika. Akatueleza kwamba mwanamke wa urefu ule na umri ule angefika mbali zaidi ya hapo, karibu mara mbili. Akampa inhela ya kuvuta asubuhi na jioni, akatukopesha kale kabomba, akanipa mimi daftari. Kazi yangu ingekuwa kuandika nambari kila siku.

"Ni moshi," akasema. "Miaka yote hiyo jikoni. Mapafu ya Kogo yamekuwa meusi huko ndani."

Ninyi mnaosoma hapa mnashtuka. Mimi nilifurahi. Nilimtazama Kogo kwa fahari, nikamwona ndani amepakwa vizuri, anang'aa, kama kibuyu cha kuweka maziwa ya wageni. Nikajua huyu mtu hataharibika kamwe.

Kilichoniharibia furaha ni mjomba. Mjomba Kipkemoi alikuwa akiendesha lori mjini Kericho na alikaa kwenye nyumba ya kupanga yenye jiko la gesi. Alikuja Jumapili, akasikia habari za kifua, akaamua hapo hapo juu ya chai yake. Kama nambari hazitapanda hadi tarehe yetu ya kurudi kwa Sista, baada ya miezi miwili, basi Kogo atahamia kwake tauni, yaani mjini, na mimi nitapelekwa kwa mama kiwandani.

"Na ng'ombe?" Kogo akauliza.

"Ng'ombe tutauza."

Kogo akaendelea kumenya viazi. Mimi nilitoka nje nikakaa nyuma ya choo. Nilimpenda mama, lakini mama nilikuwa namjua kama mtu anavyomjua mgeni mzuri. Kogo ndiye niliyelala nikimshika sikio.

Kwa hivyo nikaingia kazini. Kwanza nilitaka kumsaidia kwa kile nilichojua. Ikiwa weusi ndio unaotunza, basi tatizo la Kogo lilikuwa wazi: hakuwa amepakwa vya kutosha. Nilianza kukata matawi mabichi ya senetwet kando ya njia ya kutoka shule, na akiwa anapika nikayasukuma chini ya kuni. Kile kidirisha nikakiziba kwa gunia, nikamwambia baridi inaingia. Jiko lilijaa moshi mzito wa rangi ya maziwa, nasi tukakaa humo machozi yakitutoka, na mimi nikiwa na raha kabisa.

"Hizi kuni siku hizi zimekuwaje?" Kogo akauliza akikohoa.

"Ni mvua, Kogo."

Nambari zikashuka. Mia na ishirini na tano. Mia na ishirini. Mia na kumi. Kogo hakujua kusoma. Alipuliza akiwa ameketi kizingitini, akanipa kabomba na kuuliza, "Ngapi?" na chochote nilichosema kilikuwa ndicho, kwa sababu nilikuwa nambari tatu darasani na kwake hiyo ilikuwa sawa na udaktari. Siku moja, baada ya kuona mia moja na tano, nilikwenda nyuma ya zizi na kabomba kale, nikavuta hewa mpaka mbavu zikaniuma, nikapuliza mwenyewe. Mshale ukaruka hadi mia mbili na thelathini. Nilikuwa mtoto wa kukimbia kilomita tatu kwenda shule na tatu kurudi, mnategemea nini. Nilitazama ile nambari muda mrefu. Kisha nikafikiri kwamba mimi na yeye tunakula sufuria moja, tunalala kitanda kimoja, na kama mtu anaweza kuazima chumvi kwa jirani sioni kwa nini nyanya asiazime pumzi kwa mjukuu. Siku hiyo niliandika mia na arobaini, ili isije ikashtua. Kesho yake mia na hamsini. Nikapandisha pole pole hadi nikafika kwenye ile yangu, na hapo nikawa napuliza kila asubuhi na kuandika haki, ila tu ilikuwa haki ya mtu mwingine.

Mjomba alipokuja akalitazama daftari akasema dawa ni nzuri. Sista akapita njiani siku moja, nikamwonyesha nikiwa nimelishika kwa mbali, akasema, "Vizuri, endeleeni hivyo hivyo." Na Kogo, akiambiwa amefika mia mbili, alitikisa kichwa akasema ajabu, maana kile kilima kilikuwa kinazidi kuwa kirefu.

Ilikuwa msimu wa baridi, ukungu umekaa juu ya chai mpaka saa nne. Niliamka nikamkuta jikoni, ameketi kwenye kigoda, mikono miwili imeshika magoti, mabega yakipanda na kushuka. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya jivu. Alikuwa anajaribu kuniambia kitu, na neno moja lilichukua pumzi nzima.

"Mama," akaniita, kama alivyoniita siku zote. Akapumzika. "Fungua." Akapumzika tena. "Mlango."

Mlango ulikuwa wazi. Kilichokuwa kimezibwa ni dirisha, na aliyeliziba ni mimi.

Nililirarua lile gunia, nikakimbia barabarani nikilia, nikasimama mbele ya gari la maziwa. Dereva na mtu wake wakambeba Kogo wakamweka katikati ya madebe. Dispensarini Sista alimvika barakoa yenye dawa ya mvuke mpaka akaweza kusema maneno mawili kwa mpigo, kisha gari la hospitali kubwa likaja likamchukua. Mimi nilibaki nimsubiri mama. Sista akaosha mikono, akaketi, akaomba daftari, nikalitoa mfukoni.

Alilisoma mara mbili. Hakupiga kelele. Aliniletea kabomba kengine kutoka kwenye droo akasema, "Puliza." Nikapuliza. Mia mbili na thelathini. Akaweka kidole juu ya nambari niliyoandika jana yake, akanitazama, na mimi nikamwaga yote: mjomba, tauni, ng'ombe, senetwet, gunia, kibuyu cheusi kisichoozesha maziwa. Nilisubiri kofi. Badala yake akavaa sweta lake akanishika mkono tukavuka barabara mpaka kwa bucha.

Tulirudi na mapafu ya kondoo kwenye karatasi, na koo lake refu likiwa bado limeshikamana nayo. Akayaweka kwenye beseni, yakalala tu, madogo, kama nguo iliyofuliwa. Sista akaingiza mrija kwenye lile koo, akapuliza, nayo yakainuka mbele yangu, yakawa makubwa, mepesi, ya rangi ya waridi, yakajaa beseni. Akaacha, yakajishusha yenyewe pole pole. Nilisahau kulia.

"Sikiza," akasema. "Kibuyu kina chumba kimoja, na kazi yake ni kuweka. Hii haina chumba kimoja. Fikiria kichaka cha chai umekigeuza juu chini. Shina ni hili koo. Linagawanyika matawi mawili, manne, mengi, mpaka vitawi ambavyo macho hayaoni, na mwisho wa kila kitawi kuna vifuko vidogo vidogo. Hapo ndipo hewa inaingia kwa damu, na ile chafu inatoka kwa damu. Kuta zake ni nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Haziweki kitu. Zinapokea na kurudisha, zinapokea na kurudisha, hata ukilala."

"Na moshi?"

"Moshi unafanya matawi yavimbe, na hivyo vifuko vinapasuka vinaungana, vinalegea. Hewa inaingia, lakini kutoka ndio kazi. Ndio maana nilimwambia apulize. Sikuwa napima amebeba hewa ngapi. Nilikuwa napima anaweza kuiachilia haraka namna gani."

Akanipa mrija nijaribu mwenyewe. Nilipuliza yale mapafu kwa pumzi yangu yenye sifa, yakainuka, nami nikaelewa kwa mara ya kwanza kitu ambacho moshi wangu ulikuwa unamfanyia kila jioni mtu niliyempenda kuliko wote. Sista alinishika kichwa akanikandamiza kwenye sweta lake, nikalilowesha lote.

Baada ya wiki moja mjomba alinipeleka hospitali. Tulimkuta Kogo kwenye chumba cha vipimo, pua imebanwa kwa kibanio cha plastiki, amekasirika kabisa, na kijana wa mashine anamshangilia kama mtu wa riadha: vuta, vuta, sasa toa, toa, toa, endelea, endelea, bado. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na mstari unaochorwa. Kijana akamweleza mjomba kwamba mtu mzima wa afya humaliza hewa nyingi katika sekunde ya kwanza, mstari unapanda kama ukuta kisha unalala. Wa Kogo ulipanda kama kilima chetu, kwa kusimama simama. Kilichoharibika hakitarudi, akasema, lakini kilichobaki kinaweza kutunzwa akiwa mbali na moshi.

"Basi imekwisha," mjomba akasema. "Tunahamia tauni."

Kogo akakitoa kile kibanio. Akaniita karibu, maana Sista alikuwa ameshamwambia habari ya daftari.

"Ni wewe ulipuliza badala yangu?"

"Ndiyo, Kogo."

Alinitazama. Mdomo ukaanza kumcheza, akacheka mpaka kijana wa mashine akaja mbio kumshika. "Kumbe nimekuwa na pumzi ya msichana wa miaka tisa mwezi mzima," akasema akipangusa macho, "na kilima bado kimenishinda." Kisha akamgeukia mjomba, na kicheko kilikuwa kimekwisha. Alisema, akipumzika katikati ya kila sentensi, kwamba kinachomdhuru ni jiko, na jiko ni udongo, na udongo hubomolewa. Kama ana nguvu ya kuuza ng'ombe wa mama yake basi ana nguvu ya kutoboa ukuta. Tena yeye hataki kuishi mahali choo kiko ndani karibu na chakula. Na huyu mtoto haendi mahali.

Mjomba alibisha kidogo, kwa ajili ya heshima yake. Jumamosi alikuja na jembe na mabati. Alitoboa madirisha mawili makubwa, akajenga meko ya udongo yenye bomba la kutoa moshi juu ya paa, na Kogo akiwa ameketi mbali kwenye mpaka wa chai akimwambia bomba limepinda. Vibuyu vilisafishwa nje tangu siku hiyo, na mwenye kuvisafisha nikawa mimi, upepo ukiwa mgongoni. Sista naye aliweka sharti lake. Alichora mstari katikati ya kila ukurasa wa daftari: upande mmoja Kogo, upande mmoja mimi, na kila mmoja apulize mwenzake akitazama. Kogo alisema hataki tena kuambiwa nambari na mwizi, nimfundishe kuzisoma. Nilimfundisha kwa mkaa ukutani. Nane ilimpa shida, akawa anaiandika kwa duara mbili zisizogusana.

Tulipuliza hivyo miaka. Yangu ilipanda nilivyorefuka, yake ilitambaa pale pale, na kila nilipomshinda alidai nimeiba tena. Nikaenda bweni, nikaenda chuo, nikaolewa. Nikirudi likizo tulipuliza siku ya kwanza, kwa mzaha, kabla hata ya chai. Halafu likizo zikawa fupi, nikawa nakuja na kurudi siku hiyo hiyo, na sikukumbuka tena kuuliza habari ya kabomba.

Tulipomzika mwaka huu, mama na wadogo zake waligawana nguo, wakaniambia nichukue ninachotaka. Nilichukua kibuyu. Nilipokishusha kwenye rafu nikakuta nyuma yake madaftari, yamefungwa kwa kamba, na kale kabomba juu yake, mshale umepauka. Nikafungua la mwisho. Alikuwa ameendelea. Kila siku, kwa mkono wake, zile nane zake zisizogusana: mia na nane, mia moja, tisini na nane. Na kila ukurasa alikuwa ameuchora mstari katikati kwa kutumia ukingo wa kitu fulani, na upande wangu ulikuwa mtupu. Hakuna siku aliyojaza upande huo, wala hakuna siku aliyoandika juu yake. Kwa miaka yote ile nilipokuwa na kazi nyingi, nyanya yangu alipuliza asubuhi, akaandika yake, akaniachia nafasi yangu.

Mstari wa mwisho ulikuwa themanini na tano. Nilifuta kabomba kwa leso, nikavuta hewa mpaka ikajaa. Nilikuwa nalia, kwa hivyo haikutoka vizuri, na Sista angesema nirudie. Sikurudia. Mia tatu na sitini. Nikatafuta kalamu, nikaiandika pale mbele ya yake.